Kisanduku Ambacho Hakikuguswa

Wee, mdogo wangu leo katia fora! Si unajua ndiye aliyetengeneza fomu ya mtandaoni ya kliniki?

Asubuhi kaja mama mmoja analia. Majibu yake ya mimba yametumwa kwa mama mkwe. Kwa MAMA MKWE! Na kile kisanduku cha "nakubali jamaa yangu ajulishwe" hakukigusa kabisa.

Mdogo wangu kafungua kompyuta, akaliona kosa. Kisanduku kisipowekwa tiki hakitumi chochote, na yeye kwenye programu aliandika kwamba kisipokuja kitu, ihesabiwe ndiyo.

Meneja wa kliniki akamvuta kando: "Mwambie aliweka tiki akasahau."

"Siwezi."

"Kazi unaitaka au huitaki?"

Mdogo wangu akamrudia yule mama mbele ya foleni nzima: "Hukuweka tiki. Kosa ni langu mimi."

Foleni NZIMA, nakwambia!

Mama, ambaye kumbe alimsikia meneja, akafuta machozi, akamgeukia: "Huyu nitamsamehe. Wewe, hapana."

Mdogo wangu kafukuzwa palepale. Mlinzi kaitwa amtoe. Yeye akamwambia mlinzi, "Kaka, nisubiri kidogo." Hakuinuka kitini mpaka alipoirekebisha ile fomu, akaijaribu mara tatu bila tiki, na hakuna ujumbe uliotoka.