Choo Nilichowapelekea Kasapa

Mama,

Wewe uliyetufundisha kuchoma nywele na kucha zetu ili mtu asizichukue, ungefanya nini kama mjukuu wako angerudi kutoka shule na kopo dogo, akisema watu wa chuo kikuu, kule Kasapa, wanataka choo chake? Mimi nilicheka. Kisha nikaacha kucheka. Choo cha mtoto wa watu, wakifanyie nini?

Nadège ana miaka kumi na minne sasa. Tangu Pasaka tumbo linamuuma, palepale lilipokuuma wewe, chini ya kifua. Swali langu la kwanza lilikuwa: amekula kwa nani? Ndivyo tulivyouliza hata kwako, tukampata Tantine Béa, dada ya Papa, aliyekuletea munkoyo wa mahindi siku ya mwisho. Ulikunywa, ukatapika damu. Hukuona yaliyofuata: tulimfukuza kwenye matanga yako, mbele ya watu, akahamia Mokambo.

Watu wa Kasapa walisema wanatafuta mikrobe moja inayokaa tumboni. Wanataka kujua, ikiwaingia vijana, inawafanya nini wale vijidudu wengine wa utumbo, wanaosaidia kusaga chakula. Kijidudu kinachosaidia! Hapo nikajua wananidanganya.

Basi nikajaza kopo kwa choo changu mwenyewe. Usinicheke, Mama. Nilisema wakitaka kuloga, waniloge mimi niliyekwisha kuzaa.

Juma lililofuata wakaniita. Daktari, mwanamke kijana mwenye miwani, akasema: "Mama, mutoto iko na ile mikrobe. Tutamupatia dawa." Dawa kali, za siku nyingi, zinazovuruga hata wale vijidudu wazuri. Mwanangu angemeza dawa za tumbo langu! Ikabidi niseme. Aibu ile simwombei hata adui yangu. Akampima Nadège mwenyewe, naye anayo. Kisha akauliza: "Ku nyumba, nani mwengine alikuwaka na maumivu ya tumbo?"

Nikakutaja. Akasema mara nyingi inapita ndani ya familia, tangu utotoni, na kwa wengine inachimba kidonda polepole mpaka kitoe damu. Wewe hawezi kukupima tena, lakini yeye angeshuku hicho kabla ya kumshuku mtu.

Bado namtazama daktari huyo kwa jicho la pembeni. Mtu aliyesoma sana anaweza kukuambia chochote. Lakini Nadège anameza vidonge na maumivu yanapungua, na kila nikimpa maji najiuliza nani alitamka "sumu" kwanza. Si Papa. Si majirani. Ni mimi, Mama, na sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa na uchungu tu, na Béa alikuwa karibu. Tena wewe, na damu bado mdomoni, uliniambia: "Béa asiende na njaa, mumupatie bukari." Sikumpa hata tonge la ugali. Nilisema umeshalogwa, hujui unachosema.

Jumamosi napanda gari ya Mokambo. Huenda asinifungulie, na atakuwa na haki. Nitasema nikiwa nje, majirani zake wasikie.

Pumzika, Mama yangu. Nakuahidi sitanong'ona. Nitamwomba msamaha kwa sauti ileile niliyomfukuzia.

Mwanao,
Clarisse