Pete Nne za Pikapu ya Baba

Alhamisi. Mawingu tangu alfajiri na hewa imesimama kabisa. Nguo za jana bado mbichi kwenye kamba. Mabega yananiuma, ila sithubutu kulalamika mbele ya watu, maana jana mimi nilikuwa dereva tu. Waliofanya kazi walikuwa nyuma.

Nimekaa barazani na chai ya tangawizi, naitazama pikapu. Wanaonisoma siku zote wanaijua, nimewachosha nayo. Kwa aliyefika hapa leo: ni pikapu ya zamani ya marehemu baba, yenye taa za mviringo na gia iliyo kwenye usukani. Baba alipofariki ilikaa uani kwetu hapa Usagara chini ya turubai, kuku wakitagia ndani ya boneti. Mwaka huu nikaamua kuifufua kwa mikono yangu. Yaani mafundi wameifufua, mimi nimewashikia spana na kuwauliza maswali yaliyowachelewesha.

Injini ilipokubali kuwaka, kichwa kikanivimba. Sikutaka tena gari la kubebea nazi. Nilitaka gari la kupigwa picha. Nikaipaka rangi ya maziwa na mstari wa kijani. Kule nyuma, kwenye bodi, nikaweka mabenchi ya mninga pande tatu, yakiwa na mito, fremu ya mabomba yanayong'aa juu yake, na katikati meza ndogo ya kuwekea soda. Vyote vina miguu ya chuma iliyochomelewa sakafuni visitikisike. Picha niliziweka humu na mkanipongeza, nami nikazisoma pongezi zenu mara nyingi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Jumamosi hii ilikuwa ikambebe mpwa wangu, bibi harusi, na mashoga zake.

Kuna jambo sikuliandika, kwa sababu sikuliona kuwa ni jambo.

Sakafuni mwa ile bodi baba alikuwa amechomelea pete nne za chuma, nene kama kidole gumba, moja kila pembe. Zilikuwa zinakwaza miguu. Siku ya kwanza kabisa nilimwambia Shabani, fundi wangu wa kuchomelea, azikate. Akaniuliza zilikuwa za kazi gani. Nikamjibu ni za kufungia magunia ya nazi kutoka Pangani, na zama za nazi zimekwisha.

Magunia ya nazi ni kweli. Lakini pete zile zilifungiwa pia majeneza.

Mtaa wetu una watu wengi waliokuja kutoka mbali kidogo, na wengi hupenda kurudi kwao kuzikwa. Msiba ukitokea, hakuna aliyehangaika kutafuta gari. Baba aliipeleka pikapu mlangoni kwa wafiwa, akaifagia kwa ufagio wa chelewa, akatandika jamvi. Jeneza likapandishwa na kufungwa kwenye zile pete kwa kamba ya mnazi. Kisha akaendesha polepole, kwa mwendo ambao ungeweka glasi ya maji juu ya dashibodi isimwagike. Mimi nimekua nikiyaona hayo. Nilikuwa nayajua kama unavyolijua jina la jirani aliyehama: lipo, ila halikujii mpaka mtu akutajie.

Na mtu alinitajia.

Bi Mwanaidi, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, mpika vitumbua, shoga wa marehemu mama yangu, mzaliwa wa Moa. Kila asubuhi akirudi kuuza alisimama getini kwetu na beseni lake tupu kichwani, akinikuta naisugua pikapu.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Bado unamwogesha mke mdogo?"

Hivyo kila siku, na mke wangu Zuhura akacheka huko jikoni kila siku kana kwamba ni mpya. Miaka yote Bi Mwanaidi alikataa kupanda gari lile. Baba akimwambia apande ampeleke Moa kusalimia ndugu, alijibu kwamba yeye atalipanda siku moja tu, na siku hiyo atakuwa amelala. Baba akamwambia, basi mimi nakuahidi siku hiyo. Wakacheka wote wawili.

Yale mabenchi yalipokwisha kufungwa, alisimama getini muda mrefu kuliko kawaida. Akaweka beseni chini, akasogea, akagonga ile meza ya soda kwa kidole.

"Sasa mimi nitalala wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Wewe utakaa mbele na mimi, kama bibi harusi."

"Haya," akasema. Akachukua beseni lake akaenda.

Nilivyo mjinga, kile kicheko nilikwenda nacho mpaka dukani kwangu, nikawasimulia wateja wa balbu na nyaya.

Jana, Jumatano, alfajiri, Bi Mwanaidi aliswali, akajilaza kidogo, hakuamka. Athumani, mwanawe mkubwa, alikuja kwangu jua likiwa halijapanda. Nilimwona tu alivyoshika geti nikajua.

"Kaka Hamisi, mama ametangulia."

Nikampa mkono, nikamwambia maneno yanayosemwa. Nikauliza mazishi wapi.

"Moa, pembeni ya mama yake. Tumswalie hapa adhuhuri, alasiri azikwe kule. Na ametuachia neno, tusihangaike na usafiri. Amesema mzee alimwahidi, na gari lipo kwako."

Kisha akatazama nyuma yangu, uani. Na mimi nikageuka nikatazama anachokitazama. Mabenchi, mito, mabomba, na ile meza katikati.

"Basi tutatafuta jingine, kaka," Athumani akasema taratibu. "Wala usijali."

Angenitukana ningepata pa kusimama. Ule upole ndio ulionimaliza. Aliyefiwa alikuwa ananifariji mimi.

Nikamwambia aende akashughulike na ndugu zake, gari litakuwa mlangoni kabla ya adhuhuri. Nikampigia simu Shabani. Akaja kwa baiskeli, mashine yake ya kukatia chuma nyuma kwenye keria. Akauliza akate wapi.

"Kila kilicho juu ya sakafu."

"Bwana Hamisi, haya mabomba nimeyasugua mpaka najiona sura."

"Najua. Kata."

"Na meza?"

"Shabani, anza na meza."

Mashine ikaanza kulia. Cheche zikaruka kwenye rangi yangu ya maziwa na zikaacha madoa ya moto, nami nikajishangaa nikinyoosha mkono kuyafuta, huku ng'ambo ya kichochoro wanawake wanamwosha maiti. Zuhura akatoka huko amejitanda kanga, akaniambia ule mlio unaingia mpaka chumbani. Kabla sijajua la kufanya, umeme ukakatika.

Benchi moja lilikuwa limetoka, na meza. Mabenchi mawili na fremu yote bado.

Shabani akatoa msumeno wa chuma, ule wa mkono. Akakata, akachoka, nikashika mimi. Sikufika mbali, mimi ni mtu wa balbu. Wanaume waliokuwa wamekaa kwenye majamvi msibani wakatusikia, mmoja akavuka kichochoro, akanigusa bega, akachukua msumeno. Alipochoka akaja mwingine akamgusa bega. Ndivyo tubebavyo jeneza huku kwetu: huombwi na huombi, unagusa bega na unapokea. Sikuwahi kuona msumeno ukipokezanwa hivyo. Alikuwepo mzee mmoja mstaafu wa reli ambaye hata salamu yangu huijibu kwa kujilazimisha. Naye alikata.

Fremu ikaanguka. Sakafu ikabaki na visiki vya chuma kila mahali, vikali kama meno. Zuhura akaleta majamvi yote ya nyumbani, akayatandika moja juu ya jingine mpaka mguu haukuvihisi tena. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimejiuliza.

"Na kamba mtafunga wapi?"

Zile pete tulikuwa tumezikata. Umeme ulikuwa haujarudi, kuchomelea haiwezekani. Shabani akajaribu kupitisha kamba chini ya gari, lakini kingo za visiki zingeikata njiani. Wakati huo tulishaswali, na jeneza lilikuwa linakuja, limefunikwa kitambaa cha kijani.

Likapandishwa. Athumani akapanda nyuma yake, akakaa chini, akaushika mguu wa jeneza kwa mikono miwili. Mdogo wake akapanda upande wa pili. Shabani akapanda na ovaroli yake yenye unga wa chuma. Na yule mzee wa reli, sijui aliinuliwaje, nikamkuta keshakaa. Mtu mmoja kila pembe, pale pale zilipokuwa pete.

"Twende, kaka," Athumani akasema.

Nimeendesha magari mengi. Sijawahi kuendesha hivyo. Gia ya pili ya gari lile ina ukaidi wake; usipoibembeleza inagonga na gari zima linashtuka. Niliibembeleza kama mtoto mwenye homa. Kwenye kioo sikuziona nyuso zao. Niliona mikono tu, juu ya mbao, na kitambaa kikipeperuka. Njiani waendesha baiskeli walishuka, wenye maduka walisimama. Nikayafikiria maji ya baba kwenye glasi.

Lami ilikuwa ya heri. Tulipoiacha pale Duga na kuingia barabara ya vumbi, kila shimo nililishuhudia kwa masikio. Gurudumu linashuka, na nyuma nasikia tahalili inapanda kwa sauti moja, na mikono ile kwenye kioo inabadilika rangi kwa kukaza. Mara moja jeneza liliteleza kidogo. Nilisimama kabisa, nimeganda, sithubutu kugeuka. Yule mzee akagonga kioo kwa kiwiko.

"Tumemshika," akasema. "Endesha, mwanangu."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanawe.

Tulifika Moa kabla ya alasiri. Wanaume wa kule walikuwa wamesimama njiani wanatusubiri, wakalipokea jeneza mabegani, na Bi Mwanaidi akaenda kwa mama yake. Athumani alibaki nyuma hatua chache. Nikamwona ananyoosha vidole vya mkono wa kulia kwa kutumia mkono wa kushoto, kimoja kimoja, kwa sababu vilikataa kufunguka.

"Umeendesha kama mzee wako," akaniambia.

Baba asingewashikisha jeneza kwa mikono. Ningemwambia Athumani hivyo, lakini hakuwa na nafasi ya kubeba na la kwangu. Nikasema, "Poleni sana," tukaenda kuzika.

Asubuhi hii Mwanahawa, binti wa marehemu, amevuka kichochoro na kitu amekifunga kwenye pindo la kanga. Wanawake walikuwa wanapanga vyombo jikoni kwa mama yake. Akakifungua juu ya kiti changu.

Pete.

"Mama aliiokota hapa kwenu siku mlipokata," akasema. "Alikuwa anaiweka juu ya kifuniko cha sufuria ya vitumbua, unga usikisukume. Tulimuuliza ya nini, akasema ni ya gari la baba Hamisi, wataitafuta."

Haikuwa na kutu hata kidogo. Ina harufu ya hamira na iliki. Nimeinusa mara kadhaa, mpaka Zuhura ameniuliza kama sijala.

Shabani nimempigia. Tatu zilizobaki kazikuta kwenye gunia lake la vyuma chakavu. Umeme ukiwepo mchana huu atakuja kuzirudisha kwenye makovu yale yale, na visiki vyangu vyote atavisawazisha. Ameniuliza na mabenchi je. Nimemwambia atengeneze moja tu, la kubeba mkononi, la kuweka na kutoa. Kuhusu meza ya soda hakuuliza. Ana adabu.

Mpwa wangu nilimwandikia jana jioni kumweleza kwamba gari la harusi lina madoa ya moto na halina pa kukaa nyuma. Nilijiandaa kwa machozi. Akajibu: "Mjomba, mimi nitakaa mbele na wewe."

Nikaisoma sentensi hiyo, nikatoka nje kwanza.

Sasa naitazama pikapu na nafsi yangu inaanza mchezo mbaya, inawapitia majirani, nani kwao Pangani, nani kwao Moa, nani anakohoa. Zuhura ameniambia niache kuwatazama watu hivyo, watanikimbia. Ni kweli. Na huenda wa kwanza kulala hapo baada ya yeye nikawa mimi, na sijui nani ataibembeleza gia ya pili. Labda hilo ndilo la kufundisha mtu mapema, kabla ya rangi.

Kesho asubuhi hakuna atakayesimama getini kuniuliza habari za mke mdogo. Nitaifagia bodi hata hivyo.