Uremia ya Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha nyuma,
Jumatano, 12 Juni.

Mpendwa kaka,

Salamu. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Mimi mzima, cherehani nzima, mguu wa kulia tu ndio unalalamika kwa kukanyaga kutwa. Haya, adabu nimeimaliza. Sasa tafuta pa kukaa, maana nimekukasirikia.

Baba mdogo ameuza baiskeli yake na anajuta. Sketi za shule zimenijaa mpaka kitandani. Hayo ndiyo mazuri.

Unakumbuka ulivyompigia Mama simu baada ya vipimo kutoka. Unajua anavyojiandaa kwa simu zako: ameoga, amefunga kilemba cha harusini, amekalia kiti cha wageni. Tukaweka sauti kubwa, ukaanza. Nefropathia kroniki. Uremia. Hemodialisisi. Mama anaitikia tu, "Sawa, baba. Sawa, mwanangu." Mimi nilikuwa mlangoni na tepu shingoni, sikuambulia kitu. Ukasema unachelewa zamu hospitalini kwako, ukakata.

Kaka, ulidhani unaongea na nani? Mama yule ukimwambia ana treni tumboni ataitikia, maadamu umesema wewe.

Tangu siku hiyo maneno yako ameyakariri. Jirani akilalamika mgongo, Mama anamkatiza: "Mwenzio nina uremia, mwanangu mwenyewe ndiye kaniambia." Anaitamka kwa madaha. Na kwa akili yake, ugonjwa ambao mwanawe ameupa jina refu hivyo, mwanawe ameshaushika. Basi kliniki hakukanyaga tena. Muuguzi alipopiga simu alijibiwa kwa heshima zote kwamba mgonjwa yuko chini ya bingwa.

Jana muuguzi huyo alinifuata mpaka kibandani kwangu. Hata kukaa hakukaa. Alisema miguu ya Mama imevimba kwa kuwa maji hayatoki, na wamemwekea nafasi ya mashine Jumatatu asubuhi. Akiikosa hiyo, tusije tukamlaumu mtu.

Nikamuuliza mwalimu wa baiolojia aliyekuja kuchukua suruali yake. Kwanza alicheka. Kumbe maneno yako yote ni Kigiriki. Nefro ni figo, pathia ni maradhi, kroniki ni ya muda mrefu. Hemo ni damu, dialisisi ni kutenganisha, yaani damu inasafishwa kwa hiyo mashine. Na uremia ni mkojo ndani ya damu. Aliponitazama usoni akaacha kucheka. Mama yetu anazunguka mtaa mzima akiringia mkojo ndani ya damu, na wewe uliyempamba hivyo umekwenda zamu.

Usinieleze kwamba ndiyo lugha ya kazi. Wagiriki wenyewe walikuwa wanaambiana figo tu, kama sisi. Na neno figo unalijua vizuri, ulikuwa ukizigombania kwenye sahani. Mimi nakujua, kaka. Uliogopa. Kikombe kikivunjika ulikuwa unajificha nyuma ya mlango na kuniachia mimi maelezo, na mpaka leo na mvi zako hujaacha.

Maelezo nimeyatoa. Jana jioni, akimenya vitunguu, nilimwambia: Mama, figo zako zimeacha kufanya kazi, na bila mashine utakufa. Alimaliza kitunguu alichoshika. Kisha akasema, "Wewe ni fundi wa nguo. Daktari ninaye, na hakusema hivyo." Nikamwambia ndivyo ulivyosema. Akanitazama kama mwongo anayekusingizia. Nimeumia, sikufichi.

Baadaye akaniita. "Basi aniambie mwenyewe, kwa maneno hayo hayo uliyoyasema wewe. Akisema, nitakwenda. Asiposema, mimi siumwi hivyo."

Ndiyo maana barua hii naipiga picha na kukutumia kwa simu, maana posta itamkuta kaburini. Kukupigia sitaki, utanitolea Kigiriki na mimi.

Baba mdogo anakusalimu. Shangazi naye anakusalimu, anauliza kama bado unakoroma. Wifi mpe pole kwa kuolewa na wewe. Mungu akuzidishie elimu, na akupunguzie maneno.

Piga Jumapili mchana. Sauti kubwa hatutaweka, nitampa simu mkononi na kutoka nje. Useme figo, useme mashine, na lile la mwisho pia useme. Atanyamaza. Usimjazie maneno, kaka, na usiseme una zamu. Kaa naye hapo hapo mpaka amalize kulia.

Mdogo wako akupendaye, wiki hii kwa kujilazimisha,

Kitindamimba.