Uzi wa Inchi Sita na Nusu

Jumatatu, 3 Julai 1978

“London ni mbali mno kwa maiti. Azikwe huko huko.” Maneno ya Kitonga, kaka yake mke wangu Nthoki, mbele ya watu wote wa maombi, kikombe cha chai yangu mkononi mwake. Upuuzi. Mulwa aligongwa na gari huko London Ijumaa. Ni mwanangu, si mzigo wa posta. Maili 4,250. Masaa tisa kwa ndege — basi la Kisumu hukaribia hapo, na hakuna aliyewahi kusema mtu azikwe Kisumu kwa sababu ya njia. Nilishusha tufe la dunia kabatini, lile nililonunua sokoni Gikomba, nikanyoosha uzi wa cherehani kutoka Nairobi hadi London. Inchi sita na nusu. Nikamwuliza Kitonga umbali uko wapi hapo. Akanywa chai. Wazee wakakubali aletwe.

Nimeshinda. Sisikii kitu.

Jumanne, 4 Julai

Simu ya maandishi imeletwa. Anafika Alhamisi asubuhi. Nimepaka viatu rangi mara mbili — nilisahau ya kwanza.

Nilimkuta Nthoki jikoni, nikamwambia ni masaa tisa tu. Hakugeuka.

“Uzi huo huo ulininyooshea alipokuwa akiondoka, Baba Mulwa. Ukasema ni karibu, nitamwona nikitaka.” Akaendelea kuchambua maharagwe. “Sasa nataka.”

Miaka ishirini nabishana na watu magazetini. Leo nimelirudisha tufe kabatini.

Jumatano, 5 Julai

Maombi tena. Kanisa linataka viti vyake kabla ya Jumamosi, kuna harusi. Sawa.

Alhamisi, 6 Julai

Amefika. Sanduku liko sebuleni, juu ya viti vya kanisa, mpaka gari la kwenda nyumbani Mwala kwa maziko lije saa nane mchana. Kifuniko kina skrubu nane.

Kitonga amesimama mbele yake. “Halifunguliwi, shemeji. Amekaa siku nyingi, na safari ile. Dada yangu asione.” Mzee Kiilu wa kanisa akaitikia, akaanzisha wimbo.

Nthoki ametoa bisibisi kwenye droo ya cherehani. Ameishika tu. Haimbi.

Nimeingia chumbani kuandika, kama kawaida yangu mambo yakinishinda. Saa nane kasoro dakika tano sasa. Kweli ni kwamba hata mimi sitaki lifunguliwe. Likifunguliwa nitaona nilichokiita karibu. Lakini nilimwahidi Nthoki kwamba atamwona, na uzi ule alinishikia yeye, upande wa Nairobi.

Basi nikitoka nitawasomea haya, nisije nikapoteza sauti:

Kitonga, Mzee Kiilu. Nyamazisheni wimbo. Maili zote zimekwisha, kilichobaki ni unene wa ubao, na hapo mmesimama ninyi. Sogeeni. Mmoja wenu ashike kifuniko upande wa miguu. Upande wa kichwa nitashika mimi.

Gari linapiga honi nje. Bado wanaimba. Natoka.