Mlango Usio na Viatu vya Mwanaume

Baba Mwanaidi,

Huku sote hatujambo, na sote ni mimi peke yangu. Mwanao alirudi kwa mumewe Tabora baada ya arobaini yako. Tangu hapo chumba hiki kimekuwa kikubwa. Nasonga ugali wa unga wa njano, kidogo kabisa, na bado unabaki.

Kuna jambo limenipata, na wa kumwambia ni wewe tu. Wengine watacheka.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikusema kwa ajili ya miguu yako. Mtunza farasi wa harusi za Wahindi, mtu wa kumwongoza bwana harusi mwenye kilemba cha kumetameta, mbele ya mtaa mzima wa Mchafukoge, halafu pekupeku. Yalianza vyuma vya kwato vilipoadimika mjini. Tajiri wako alisikitika. Wewe ukamng'oa farasi wako Moti vile vilivyokwisha ukasema afadhali, akivaa chuma hajui anakanyaga nini. Kisha na wewe ukavua vyako. "Siwezi kumvua mwenzangu, mimi nibaki nimevaa." Nikakwambia watu watasema mkeo hakutunzi.

Lakini haki yako nakupa. Moti aliyekuwa akiteleza kwenye lami ya mvua, mpaka bwana harusi mmoja akamkumbatia shingo kama mtoto, hakuteleza tena. Kwato zikakomaa. Goti lako nalo likaacha kulalamika, na vidole vya miguu vikatanuka, kila kimoja upande wake. Nikakutania kwamba vidole vyako vinajitegemea, kama redio inavyotaka. Ulicheka sana siku ile.

Jioni ulikuwa unanawa miguu uani, unapita ukumbini ukiacha nyayo za maji mpaka mlangoni petu. Nami nilikuwa nagomba, maana nimetoka kupiga deki. Wapangaji wenzetu wanajua nani yupo ndani kwa viatu vya mlangoni. Mimi nilikujua kwa sakafu.

Ulipoondoka, Mama Sikudhani wa chumba cha mbele akanishauri. "Shoga, mwanamke peke yake anaonekana. Weka viatu vya kiume mlangoni, mwizi akiviona apite." Nikaenda mtaa wa Gerezani kwa fundi wa katambuga, yule anayekata matairi. Akaniuliza mguu namba ngapi. Baba Mwanaidi, sikujua. Nimeishi na miguu hiyo ujana wangu wote na sijui namba yake. Nikamwonyesha kwa mikono, kama mtu anayesimulia samaki aliyemkosa, naye akakata.

Nikaziweka mlangoni. Hazikukaa sana, mjumbe wetu wa nyumba kumi akabisha hodi. "Mama Mwanaidi, naona una mgeni. Mbona hukuja kumwandikisha?" Uani, aliyekuwa anatwanga akaacha. Nikasema sina mgeni. Akavitazama viatu. Nikasema, "Nimeviweka tu, Mjumbe. Hakuna mtu humu. Nipo peke yangu."

Nilikuwa sijawahi kulitamka neno hilo. Siku ya mazishi walitamka wengine, mimi kazi yangu ilikuwa kulia. Mjumbe akaona haya, akaniuliza kama nimepata sukari ya foleni, akaenda zake. Nikafunga mlango nikakaa kitandani upande wako. Upweke unauma, mume wangu. Sikujua kwamba unauma mwilini.

Jana Moti alipita mtaani na harusi. Mtunzaji mpya anavaa mabuti, na farasi wamemrudishia vyuma, sijui wamevipata wapi. Nilisikia ko, ko, ko kabla hajatokea, nikadhani ni farasi mwingine. Ninyi mlikuwa mnapita bila kishindo, tunasikia ngoma na tarumbeta tu. Nikasogea barabarani nimwite, kisha nikaona haya mbele ya watu. Alipita bila kugeuka.

Nikarudi nyumbani, na kitu cha kwanza kunipokea kilikuwa zile katambuga. Mtu anayezitazama anajua kuna mwanaume ndani, lakini mwanaume huyo si wewe. Nikazichukua nikampa mchukuzi wa mizigo pale sokoni. Zilimpwaya kidogo, akasema haidhuru.

Jioni nikanawa miguu uani, nikapita ukumbini bila ndala. Sementi ilikuwa ya baridi, nikaisikia mpaka magotini. Mlangoni nikageuka kutazama nyayo zangu. Ni ndogo, na zilikauka upesi. Hakukuwa na mtu wa kunigombeza.

Kwaheri, Baba Mwanaidi. Nikija makaburini nitakuja pekupeku, unijue. Na nakuahidi sitaweka tena viatu vya mtu mlangoni petu. Wanaopita wataona mlango mtupu, watasema yule mama yupo peke yake. Waache waseme. Mlango huu ulikuwa mtupu hivi hivi, nawe umo ndani umelala.

Mkeo,
Mama Mwanaidi