Mtoto Asimpite Mzazi kwa Kitabu

Nyumba ya bati jekundu,
Nyuma ya karakana ya seremala,
Tarehe 9, mwezi wa pili.

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wifi yako. Hujambo wewe? Shemeji naye kifua kimetulia, au bado kinamwamsha na kikohozi? Na yule mpwa wangu mkubwa aliyekuwa anatafuta kazi, amepata, au bado yuko nyumbani anahesabu misumari ya dari? Mimi ni mzima. Goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi, lakini ngazi zenyewe ni tatu tu, kwa hiyo tunavumiliana. Wifi yako naye ni mzima wa mwili, na ulimi wake ndio usiseme, haujaugua hata siku moja.

Barua yako ilifika salama. Uliuliza kama ni kweli uzeeni huu nimeingia darasani. Ni kweli, na mwaka wa pili huu. Hii unayoisoma nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, siku tano sasa, na hakuna mtu aliyenisaidia hata nukta. Niko Kitabu cha Pili. Wenzangu wengi niliowakuta bado wako cha Kwanza, na wengine ni vijana wa miaka hamsini.

Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba mimi sasa ni Mratibu. Nikueleze ilivyokuwa, maana huko mbali unaweza kudhani natia chumvi.

Darasa letu la watu wazima liko vyumba viwili nyuma ya karakana. Mchana kutwa randa zinalia upande wa pili wa ukuta, na maranda yanaingia chini ya mlango mpaka tunayafagia kabla ya kukaa. Wanaosoma ni watu wa kazi ngumu: wafua nguo, wachukuzi, wauza mkaa, walinzi. Tatizo likawa watoto wao. Mama akija na watoto watatu, mmoja analia, wa pili anavuta madaftari ya watu, na wa tatu, mkubwa, amekaa tu kwa sababu aliacha shule na hana pa kwenda. Mwalimu wetu, binti mdogo (koti langu la mvua lina umri mkubwa kuliko yeye), akasema chumba cha pili kiwe cha watoto. Wafundishwe saa zilezile wazazi wao wanapofundishwa, na wale wakubwa walioacha shule watayarishwe kwa mtihani wa kurudi shule. Watu wa kujitolea wa kuwafundisha akawapata watatu. Akabaki anatafuta mtu wa kuwapanga wote, kushika daftari, kujua nani yuko wapi na kwa nini hakuja.

Tulikuwa watu wazima thelathini na mmoja. Nikachaguliwa mimi. Wifi yako anasema ni kwa sababu mimi ndiye pekee nisiyekuwa na kazi. Sababu yenyewe ni kwamba nilisimamia vibarua arobaini kwenye ujenzi na hakuna aliyepotea. Watoto hawa walianza arobaini na watatu, leo ni hamsini na wanane, na wote nawajua kwa sura, kwa sauti, na kwa namna wanavyobisha mlango.

Mwezi wa kwanza wa kazi yangu hii kulitokea jambo. Mchukuzi mmoja wa sokoni, mtu wa kubeba magunia mawili kwa mpigo, alikwama kwenye neno moja ubaoni. Mlango wa kati ulikuwa wazi. Mwanawe wa miaka tisa akalisoma lile neno kwa sauti kutoka chumba cha pili, na watoto wakacheka. Baba mtu akavaa kofia yake, akamshika mtoto mkono, wakaondoka. Hajarudi mpaka leo, na mtoto pia tukampoteza. Mwezi huohuo wakaondoka wazazi wengine wanne kwa mambo ya namna hiyo.

Nikakaa nikafikiri, nikatunga kanuni. Nikaiandika ukurasa wa kwanza wa daftari: Mtoto asimpite mzazi wake kwa kitabu. Mzazi akiwa Kitabu cha Kwanza, na mtoto atakuwa cha Kwanza, hata kama anakijua. Mzazi akipanda, mtoto naye anaruhusiwa kupanda. Mwalimu hakuipenda. Lakini sikiliza matokeo. Watoto wakaanza kuwasukuma wazazi wao kama mkokoteni uliozama kwenye tope. Muuza mkaa aliniambia nyumbani kwake hapewi hata nafasi ya kuvua viatu, binti yake anamwambia, baba, ukurasa wa ishirini. Mahudhurio ya wazazi yaliyokuwa yameshuka mpaka kumi na tisa yakapanda mpaka thelathini na nne. Kwa hiyo mtu asiniambie kanuni ile ilikuwa ya kijinga.

Sasa kulikuwa na mama mmoja mfua nguo. Watu wote wanamwita Mama Sabuni, naye anaitika. Anafua tangu alfajiri kwenye nyumba za watu, akifika darasani vidole vimekunjamana, na akikaa tu usingizi unamchukua. Alikuwa ukurasa wa kumi na moja wa Kitabu cha Kwanza tangu mvua mpaka kiangazi. Ana binti wa miaka kumi na mitatu, mtoto mtulivu, aliyeacha shule mama yake alipolazwa, akabaki kuangalia wadogo zake. Huyo binti anasoma kila kitu. Magazeti ambayo maseremala wanafungia misumari anayanyoosha kwenye goti anasoma, mpaka matangazo ya vifo.

Mtihani wa kurudi shule unafanywa mara moja kwa mwaka. Anayefikisha miaka kumi na minne hapokelewi tena, na yeye anafikisha mwezi wa nne mwaka huu. Mtihani wa mwezi wa kumi na mbili uliopita ndio ulikuwa wa mwisho kwake. Na majina ya kupelekwa nayaandika mimi, kutoka miongoni mwa walio Kitabu cha Tatu. Yeye alikuwa cha Kwanza, kwa sababu mama yake alikuwa cha Kwanza.

Mwalimu alikuja kuniomba mara tatu. Mara ya tatu aliacha kuniita Mratibu, akaniita mzee. Nikamjibu kwamba kanuni ikilegezwa kwa mmoja itabidi ilegezwe kwa wote, na tutarudi kwenye kofia na milango. Wifi yako aliposikia, alisema bahati ya watoto wetu ni kwamba walikua kabla sijapewa daftari.

Zilikuwa zimebaki wiki saba. Jioni moja, watu wakitoka, Mama Sabuni akabaki. Akasimama mbele ya meza yangu, hakukaa.

"Mratibu, niandike Kitabu cha Tatu."

Nikamwambia hata cha Kwanza hajamaliza.

"Kwani nimesema nimemaliza? Nimesema niandike."

"Utasoma nini humo?"

"Hiyo niachie mwenyewe. Wewe si unataka mtoto asinipite? Basi mimi natangulia, yeye atanifuata nyuma."

Nikafungua ukurasa wa kwanza wa daftari nikaisoma kanuni yangu tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna mahali nilipoandika kwamba mzazi lazima ajue kukisoma kitabu alichokishika. Sikufikiria kwamba mtu angeomba kupandishwa asikoweza kwenda. Nikamwandika. Na chini yake nikamwandika binti yake.

Tangu kesho yake akahamia benchi la mbele, kwa wale wanaosoma habari ndefu. Kule kila mtu anasimama kwa zamu yake kusoma. Zamu yake ikifika, anasimama, kitabu wazi mkononi, anasema, "Mimi sijui. Nipiteni." Anakaa. Siku ya kwanza darasa zima lilicheka. Muuza mkaa akamuuliza kama sasa amepanda cheo, wamwamkie.

"Niamkie tu," akasema Mama Sabuni. "Hata bila kitabu mimi ni mkubwa wako."

Wakacheka tena, lakini safari hii alichekwa muuza mkaa. Hata hivyo mchezo ulikuwa uleule kila siku. Anasimama, anasema hajui, anakaa. Wiki ya tatu hakuna aliyecheka tena. Wengine walikuwa wanainamisha vichwa zamu yake ikikaribia. Mwalimu alitaka amruke tu, yeye akakataa, akasema akirukwa itaonekana hayupo kwenye kitabu. Na sasa hakuwa analala. Wiki saba alikaa macho, wima, mbele ya kurasa ambazo kwake zilikuwa sawa na ukuta, na yale machache aliyokuwa ameanza kuyajua kwenye Kitabu cha Kwanza hakuna aliyemwendeleza. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika mahudhurio. Niliandika yupo, yupo, yupo.

Wazazi wengine wawili walipoona wakaja kuomba vilevile. Nikawaandika. Mwalimu akaniambia nimemjazia benchi watu wanaoshika vitabu kama wameshika trei za chai. Nikamwambia alete kanuni bora zaidi.

Binti alikimaliza Kitabu cha Tatu kwa siku tisa. Siku zilizobaki alifundishwa hesabu na karani mmoja, kati ya wale watatu wanaojitolea. Tukapeleka watoto tisa kwenye mtihani. Niliwasindikiza mwenyewe, kila mmoja na kalamu mbili, na mlangoni niliwahesabu mara mbili.

Matokeo yalitoka wiki mbili zilizopita. Wamepita sita. Yeye ni wa pili kwa alama kati ya watoto wote waliofanya, si wetu tu, wote. Hili liseme huko kwenu, na useme Mratibu wake ni nani.

Siku hiyohiyo Mama Sabuni alikuja mapema, kabla ya watu. Alikuwa amekifunika Kitabu cha Tatu kwa karatasi kisichafuke. Akaitoa karatasi, akakiweka mezani.

"Nirudishe kwangu sasa. Ukurasa wa kumi na moja."

Nikamweleza taratibu, kama ninavyomweleza kila mtu. Nikimrudisha cha Kwanza, binti yake atakuwa amempita. Na mtoto aliyempita mzazi wake mimi siwezi kumwacha kwenye daftari, wala kuipeleka shuleni karatasi yake ya kupokelewa, inayosubiri sahihi yangu. Abaki na Kitabu cha Tatu tu, nikamwambia, hakuna anayemfukuza.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mimi nataka kujua kusoma, Mratibu. Sikuja hapa kushika kitabu." Kisha akasema, "Amenipita. Andika hivyohivyo. Andika amenipita, na mama yake ameona."

Mwalimu alikuwa anafuta ubao. Akaacha kufuta, lakini hakugeuka.

Nikachukua rula nikafungua ukurasa wa kwanza. Nikaikata kanuni kwa mstari mmoja, ulionyooka. Nikageuza kurasa mpaka jina la mama, nikaandika Kitabu cha Kwanza, ukurasa wa kumi na moja. Jina la binti nikaandika amempita mama yake, kama nilivyoambiwa. Karatasi ya shule nikaitia sahihi. Sikusema nimekosea, wala hakuna aliyeniuliza. Mwalimu nilimwambia kanuni imemaliza kazi yake. Akasema, "Ndiyo, Mratibu."

Binti ameanza shule juzi Jumatatu. Tangu kanuni ikatwe, wazazi wawili hawajaonekana. Kesho kutwa nitawafuata majumbani mwao, goti likipenda lisipende.

Sasa jambo jingine, na hili limenifanya niandike mwenyewe badala ya kumpa mtu kalamu.

Ulipokuwa darasa la nne, ilikuja barua ya baba mkubwa, na wageni walikuwa wamekaa uani. Baba alinipa mimi niisome kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, akasahau kwamba sikukaa shule. Nikaishika. Wewe ukaja ukasimama pembeni yangu, ukaisoma yote, mbiombio, na wageni wakakupigia makofi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Baada ya wiki ukatolewa shule, ukaambiwa mama anahitaji msaidizi jikoni. Miaka yote hii umekuwa ukimlaumu marehemu baba. Baba hakuwa na neno na kusoma kwako. Mimi ndiye niliyemwambia, jioni ileile, kwamba haifai mtoto wa kike kumpita kaka yake. Alibisha siku mbili. Mimi nikabisha siku sita.

Basi sasa unajua. Ukitaka kununa, nuna, haki yako. Ukitaka kuandika matusi, yaandike kwa herufi kubwa, nitayasoma mwenyewe.

Nisalimie shemeji, mwambie kifua akifunike asubuhi. Wasalimie wapwa zangu wote, na yule mkubwa mwambie mjomba anasema kazi haimfuati mtu kitandani. Nisalimie pia yule mama mkwe wako, kama bado ananikumbuka. Wifi yako anakusalimu sana, na anasema ungetafuta kaka mwingine kama wangekuwa wanauzwa. Mungu akuzidishie umri, akupe macho ya kuona wajukuu wako wakikuzidi kila kitu, na moyo wa kufurahi wakikuzidi.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda tangu ulipokuwa unabebwa mgongoni,

Mratibu.