Picha za Kutisha za Baba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Waambie shangazi yao anawakumbuka. Natumaini kile kikohozi kimekuachia. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyo nitakueleza, usiniharakishe.

Uliuliza Baba anashindaje. Anashinda kwenye kiti chake, pazia limeshushwa, tukitazama zile picha zake za sinema za zamani: maiti wanaofufuka, mizimu ya ngazini, wageni wa nyota za mbali wakishuka na chombo ambacho, ukikikazia macho, ni masufuria mawili yaliyofunikanishwa. Unajua tulivyokuwa tukibishana. Yeye alisema picha za siku hizi humwaga damu kama maji ya kufulia, ndiyo maana hazitishi. Woga wa kweli ni mlango unaofunguka na nyuma yake hakuna mtu. Mimi nilishikilia kwamba za anga ndizo bora, kwa sababu zimwi la kaburini linataka shingo yako tu, lakini mgeni wa angani anataka kujua wewe ni nani. Baba alicheka mpaka akapaliwa na chai, akasema nina maneno kama redio.

Sasa anasahau. Alianza na miwani, akaja kwenye majina ya majirani, halafu akamwuliza fundi bomba kama Mama amesharudi kutoka sokoni. Fundi akanitazama, nami nikainamisha macho. Mama tulimzika sote, kaka.

Jumapili aliomba ile ya mji ambao watu wake wanabadilishwa mmoja mmoja na viumbe wenye sura zile zile. Nikaanza kuisifia, kwamba haina zimwi hata moja, ila mke anayemtazama mumewe mezani akijua si yeye. Nilipogeuka, Baba alikuwa ananitazama mimi, si runinga. Akaniuliza kwa sauti ya mtu mwenye hofu, "Binti yangu mmempeleka wapi?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Akarudi nyuma na kiti chake mpaka kikagonga ukuta. Nikazima runinga, nikafungua pazia, nikamwambia ni mimi, Kifaranga wake. Akasema hata sauti yake tumeiiga sawasawa.

Miaka yote nilimhurumia yule anayegundua kwamba mpenzi wake amebadilishwa. Nilikosea. Wa kuhurumiwa ni yule ambaye ni yeye kweli, na hana cha kuonyesha akaaminiwa.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Alipotulia, aliniomba kwa adabu, kama mfungwa anayembembeleza askari, kwamba nikimwona binti yake nimwambie asirudi nyumbani, si salama. Amkimbilie kaka yake. Nikamwahidi nitamwambia. Tangu hapo nampikia na kumwogesha kama mtu baki. Ananishukuru sana, kaka. Ananiita "mama wewe", na akishiba huuliza kama binti yake naye amekula.

Njoo. Huenda wewe akakujua. Akikujua, mkumbatie kwa furaha yako yote, usijizuie kwa ajili yangu. Mimi nitakuwa jikoni.

Wasalimie wote hapo kwako kwa niaba yangu. Salamu za Baba nitakuletea siku atakayonituma.

Mdogo wako wa pekee